Digrii kwa mkopo, diploma bila deni, au ufundi kwanza? Nisaidieni kupima

Dada_Mkubwa (mleta mada)
Habari za muda huu wadau. Nina wiki mbili za kuamua na usingizi umeanza kunikimbia. Wazazi hatunao, mdogo wangu nimemlea mwenyewe tangu akiwa darasa la tano. Sasa kamaliza sekondari, kafaulu vizuri, na moyo wake uko kwenye umeme. Mbele yetu kuna njia tatu.

Ya kwanza ni digrii ya uhandisi wa umeme, miaka minne, kwa mkopo. Riba asilimia 6 kwa mwaka, inaanza kuhesabiwa siku fedha inapotoka, na marejesho ni miaka kumi. Mdhamini ni mimi.
Ya pili ni diploma ya umeme, miaka miwili. Nikijibana sana naweza kulipa bila kukopa.
Ya tatu ni fundi mmoja ninayemwamini, amekubali kukaa naye miaka mitatu na kumpa posho kidogo.

Yeye anataka digrii. Mimi naogopa deni. Mliopita huko, naomba mseme bila kunificha.

Kalamu_na_Karatasi
Dada, kabla hatujabishana kama chuo kina thamani au hakina, tuikalie hesabu. Chukua 10,000 ya fedha yoyote ile, apewe kwa mafungu manne ya 2,500, kila moja mwanzo wa mwaka. Fungu la kwanza litakuwa limekaa miaka minne akihitimu, la pili mitatu, la tatu miwili, la mwisho mmoja. Kwa asilimia 6, hata riba isipozaa riba, hapo pana 1,500. Kijana anavua joho anadaiwa 11,500 na kazi hajaanza kutafuta.

Sasa sikiliza panapouma. Mikopo mingi ya namna hii huichukua ile 1,500 na kuiunganisha na deni la msingi siku marejesho yanapoanza, na kuanzia hapo nayo inatozwa riba. Kwa miaka kumi atalipa kama 128 kila mwezi, jumla zaidi ya 15,300. Akizidiwa akaomba arefushiwe hadi miaka ishirini, makato yanashuka hadi kama 82. Anapumua, anashukuru, lakini jumla imepanda hadi karibu 19,800. Karibu mara mbili ya fedha aliyoishika.

Kwa hiyo usitishwe na jumla peke yake, na usifarijike na makato peke yake. Tafuta mshahara wa kuanzia wa mhandisi mpya, ule wanaolipwa kweli waliohitimu mwaka jana na siyo ule wa kwenye vipeperushi vya chuo, halafu uweke makato pembeni yake. Mimi makato yakipita sehemu moja ya kumi ya mshahara wa kwanza nasita. Hicho ni kipimo changu tu, lakini hakijawahi kuniangusha.

Mbeba_Maswali
Kalamu umenena. Naongeza swali: mkopo wenyewe ni wa aina gani? Watu wanasema "mkopo wa chuo" kana kwamba ni kitu kimoja.

Kuna mkopo wa kiwango kilichopangwa: mwezi ukifika unalipa, una kazi huna kazi. Na kuna mkopo unaofuata kipato. Australia walianza huo mwaka 1989. Mtu haanzi kulipa mpaka kipato kivuke kiwango fulani, na makato yanapitia kwenye mfumo wa kodi. Uingereza, kwa England, mhitimu anakatwa asilimia 9 ya kile tu kinachozidi kiwango kilichowekwa, na walioanza masomo kuanzia Agosti 2023 deni linafutwa baada ya miaka 40. Tanzania aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwaumiza wengi, ilifutwa mwaka 2021. New Zealand hawatozi riba tangu 2006 kwa anayeishi ndani ya nchi. Ujerumani msaada wa serikali kwa wanafunzi kwa kawaida ni nusu ruzuku, nusu mkopo usio na riba.

Marekani ni somo zito. Wakopaji wa mikopo ya serikali kuu wanapita milioni 40. Deni la duka au la hospitali mtu anaweza kulifuta mahakamani akifilisika, lakini la chuo walianza kulizuia kwa sheria ya mwaka 1976, na mwaka 1998 wakakaza kabisa: lazima mtu athibitishe kwamba kulipa kutamtia kwenye dhiki isiyo ya kawaida.

Hata kulipa kwa kipato kuna mtego wake. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Yale kiliwaweka wakopaji kwenye kundi moja. Kila mtu alipe asilimia 0.4 ya kipato chake kwa kila dola 1,000 aliyokopa, mpaka deni la kundi zima liishe au miaka 35 ipite. Waliofanikiwa sana wakalipa kwa mkupuo wakatoka. Wengine wakaacha kulipa. Walimu na wachungaji wakabaki wanavuta deni la watu wasiowajua. Mwaka 1978 chuo kikaacha kupokea wapya.

Dada, mkopo wenu kwa ulivyoueleza ni wa kiwango kilichopangwa. Huo haumwangalii mtu usoni.

Nilirudi_Nyumbani
Nimeandika nikafuta mara tatu. Wacha niseme.

Mimi nilikopa, nikasoma, nikaishia mwaka wa tatu. Sikuwa mvivu. Mwaka wa pili bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, lilichelewa, nikaanza kufanya kazi usiku kwenye ghala. Asubuhi naingia kwenye maabara macho yananiwasha, kalamu inaniponyoka. Nikala sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, moja nikaivuka, nyingine ikanirudisha. Nikadisko, chuo kikaniondoa. Siku natoka hosteli nilikuwa na begi moja na daftari la hesabu ambalo nusu yake haijaandikwa.

Deni langu ni dogo kuliko la wenzangu wote tulioanza pamoja, na mimi ndiye ninayeteswa nalo kuliko wote. Wao wana mishahara ya digrii. Mimi nina deni la digrii na cheti cha sekondari. Baadaye nikaja kusoma kwamba hata Marekani wanaoshindwa kulipa kwa wingi siyo wale wenye madeni makubwa, madaktari na wanasheria. Ni walioishia njiani na vijideni. Nililia siku hiyo, kwa sababu kumbe sikuwa peke yangu.

Dada, usiulize kama digrii inalipa. Uliza kama mdogo wako atamaliza. Nani atampa nauli mwezi ambao fedha imechelewa? Kama jibu huna, mkopo wa ada pekee hautamvusha.

Kalamu_na_Karatasi
Pole sana ndugu yangu. Hesabu yangu ya juu ilichukulia kwamba anahitimu. Umenirekebisha.

Fundi_wa_Nguzo
Nimo kwenye umeme miaka kumi na tisa. Nilianza kama njia yako ya tatu, dada, kwa kubeba ngazi na kukunja waya. Wiki ya kwanza fundi wangu alinipa kipande cha waya na kisu, akaniambia nimenye ganda bila kugusa shaba hata kwa mkwaruzo. Nilimenya siku nzima. Leo nikiona waya uliochubuliwa najua utapasha joto mahali gani. Hicho sikukipata darasani, na sikukikopea.

Nchi kama Uswisi karibu theluthi mbili ya vijana wanapitia mafunzo ya kazi, siku chache kwa mwajiri na siku chache darasani, na hakuna anayewaona wameshindwa maisha. Ila hapo ujue tofauti: wao wanatoka na cheti kinachotambulika nchi nzima. Mafunzo ya mdomo kwa fundi rafiki yanakupa mikono tu. Muulize huyo fundi: baada ya miaka mitatu kijana atafanyiwa mtihani wa ufundi na nani?

Na ukweli mwingine, sitaki kumdanganya mtoto. Kuna dari. Mchoro wa jengo kubwa nauelewa kuliko vijana wanaouleta, lakini sahihi si yangu. Ni ya mhandisi aliyesajiliwa. Mgongo nao unaanza kunidai. Kama ningekuwa na umri wake na kichwa chake, ningetafuta njia ya kufika kwenye ile sahihi, ila ningepitia kwenye waya kwanza.

Mama_Wawili
Naona mmeongea digrii na ufundi, lakini njia ya pili, ile ya diploma, hakuna aliyeihoji. Mwanangu alisoma diploma miaka miwili kwa ahadi kwamba digrii ataingia mwaka wa pili. Kufika chuo kikuu, nusu ya masomo yake hayakutambuliwa, akaanza mwaka wa kwanza na wenye umri mdogo. Miaka miwili ya ada ikaenda.

Usikubali maneno ya simu. Andika barua kwa chuo cha digrii, siyo kwa chuo cha diploma kinachotafuta wanafunzi, uliza diploma hii mnaipokea kwa alama gani na mwaka wa ngapi. Jibu liwe kwa maandishi.

Na kuhusu udhamini, mwanangu: soma kama ni mdhamini wa kudaiwa baada ya mkopaji kushindwa kabisa, au mnadaiwa wote wawili tangu mwezi wa kwanza anaokosa. Uliza pia akifariki au akipata ulemavu inakuwaje. Watu hawapendi kuuliza hilo. Uliza.

Dada_Mkubwa (mleta mada)
Wadau, samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa nafuatilia kila mlichosema.

Mkataba nimeusoma na mtu anayeelewa. Tunadaiwa wote wawili tangu mwezi wa kwanza. Akifariki, deni linabaki kwangu. Niliufunga ule mkataba nikakaa nao mapajani muda mrefu.

Barua ya chuo cha digrii imejibiwa: diploma wanaipokea, akipata alama za daraja la pili la juu anaingia mwaka wa pili. Chini ya hapo mwaka wa kwanza.

Na mdogo wangu nilimpeleka kwa fundi siku nne. Alirudi na malengelenge kwenye kidole gumba, lakini alichora saketi ya nyumba yetu nzima nyuma ya kalenda, na akanionyesha swichi mbili zilizofungwa vibaya. Nikamweleza kila kitu, pamoja na habari ya Nilirudi_Nyumbani. Alinyamaza. Halafu akaniuliza: "Dada, nikianza diploma, likizo zote naweza kwenda kwa fundi?"

Basi tumeanza hivyo. Diploma bila mkopo, likizo kwenye waya, na mkopo kama utakuja, akipata zile alama, utakuwa wa miaka mitatu badala ya minne. Hajafurahi kabisa, sitaki kuwadanganya. Wenzake wanaingia chuo kikuu mwezi ujao.

Fundi_wa_Nguzo
Mwambie kidole gumba asikipasue. Apake mafuta, afunge kitambaa, kitakomaa chenyewe.

Nilirudi_Nyumbani
Dada, nauli ya mwezi fedha ikichelewa, umeiweka?

Dada_Mkubwa (mleta mada)
Nimeiweka. Ya miezi miwili, kwenye akaunti yake mwenyewe.