Mrejesho: nyama ya Kikorea na wali, Tanga

Wapendwa, niliuliza kama nitaweza kupika bulgogi, ile nyama ya Kikorea inayoliwa na wali, kwa viungo vinavyopatikana hapa Tanga. Inawezekana, na nawashukuru mno.

Dada uliyesema nitumie peasi za Lushoto, Mungu akuzidishie! Wakorea wenyewe huweka peasi kwenye viungo vya nyama hii. Nilizipata Ngamiani zimeiva vizuri, nikakwangua moja kwa nusu kilo ya steki, nikachanganya na sosi ya soya, sukari, thomu, tangawizi na mafuta ya ufuta. Chumvi sikutia kabisa, sosi inatosha.

Kazi kubwa iko kwenye kukata. Nyama ikae kwenye friza hadi ikaze kidogo, kisha uikate kwa kuvuka nyuzi, vipande vyembamba mno. Kikaango kiwe cha moto kweli na nyama iingie kidogo kidogo, la sivyo inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Pembeni zikianza kuwa kahawia na kung'aa, epua, nyunyizia ufuta na majani ya kitunguu.

Wali niliupika mweupe. Mama mkwe aliuliza nazi iko wapi, ila alipoonja aliongeza sahani. Kwa mlo huu naona nazi ingefunika ladha ya ufuta.