Mjadala: Mama mwenye mtoto mwenye usonji atengewe nafasi kwenye mwendokasi?

Mkazi wa Kimara: Vituo vya mwendokasi, haya mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, vina njia za mteremko, na jukwaa limeinuliwa lilingane na sakafu ya basi; mwenye kiti cha magurudumu amekumbukwa, angalau kwenye ramani. Lakini mtoto mwenye usonji, ambaye miguu yake ni mizima ila kelele na msongamano humtesa, amewekewa nini? Asubuhi watu wanapogombania basi, huziba masikio na kujilaza sakafuni, na mama yake hubaki akijieleza mbele ya kituo kizima. Napendekeza foleni ya pembeni na siti mbili za mbele.

Mzee wa Gerezani: Foleni naiunga mkono. Hata hivyo, watoto wengine wamedekezwa tu. Sisi tulipanda mabasi ya UDA, usafiri wa mjini wa enzi zetu, tukiwa tumesimama na hakuna aliyethubutu kulia.

Mama wa Mbezi: Shikamoo, mzee wangu. Wangu ana miaka tisa na haongei. Juzi abiria mmoja alinishauri nimchape, mwingine akamwombea kwa sauti bila kuniuliza, na wa tatu akahamisha begi lake kana kwamba usonji huambukiza. Siti nimekwisha kuwasamehe. Nataka macho ya watu yaniache.

Mzee wa Gerezani: Marahaba, mwanangu, sikukusema wewe. Lakini baba yake yuko wapi? Mbona kila simulizi ni ya mama peke yake?

Msomaji wa Sheria: Baba si hoja ya usafiri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ya mwaka 2009 kama sijasahau, inatambua haki ya kuzifikia huduma za umma.

Baba wa Binti: Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, sheria yenyewe ni ya 2010. Tukirudi kwa Mzee, swali lako limeniudhi, kwa sababu mimi ndiye ninayempeleka binti yangu kliniki, na huko kila ninayemkuta huniuliza mama yake yuko wapi.

Mama wa Mbezi: Pole, kaka. Ila wewe ukimbeba mgongoni unasifiwa, mimi nikimbeba naulizwa nilikula nini wakati wa mimba.

Baba wa Binti: Sifa hizo hazinipunguzii nauli, dada yangu.

Mkazi wa Kimara: Jamani, foleni.

Mzee wa Gerezani: Foleni sina ubishi nayo, ila nani atakayeamua nani apite? Usonji hauonekani usoni, na mkimdai mama cheti mlangoni, mtakuwa mmemrudisha kwenye kujieleza kule kule mlikokulalamikia.

Msomaji wa Sheria: Bila cheti, kila mwenye mtoto atapita hapo.

Mama wa Mbezi: Na wapite wote. Nikiwa katikati yao, hakuna atakayejua ni nani kati yetu aliyewekewa foleni hiyo.