Tupeane uzoefu: mgonjwa wa mionzi mlimlishaje?

Chumvi Kidogo: Wakuu, jana nimefungua droo nikakuta kijiko cha plastiki cha mzee, nikakaa chini. Alipigwa mionzi ya saratani ya koo siku tano kwa wiki, wiki saba. Vijiko vya chuma alivikataa, eti vina ladha ya misumari. Nyie mliuguza vipi upande wa kula? Mwageni.

Binti Mkubwa: Umenitonesha. Wiki mbili za kwanza mama alikula vizuri, nikatamba kwa ndugu wote. Ya tatu mdomo ukawa vidonda vitupu, mate mazito kama gundi, hata maji anayameza huku ameshikilia meza kwa mikono miwili. Nami kazi yangu "mama kula, mama kula". Siku hiyo nikamletea supu ya moto, nimeitia pilipili manga ili apate hamu. Funda moja tu, machozi yakamtoka, akasukuma bakuli: "Mwanangu, unanipenda au unaniua?" Nilikwenda kulilia bafuni.

Kesho yake kwenye mashine, kile kinyago cha kushikilia kichwa kikawa kinamchezacheza usoni. Alishakonda! Ikabidi kitengenezwe kingine na vipimo virudiwe. Ndipo mtaalamu wa lishe akanikalisha kitako: dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kula, chakula laini kisicho cha moto, kidogo kidogo mara sita kutwa, na kusukutua kwa maji yenye chumvi kidogo. Haikutosha, wakamwekea mrija wa puani wa kumlishia.

Kobe: Kinyago kulegea, hata sisi.

Tabibu wa Mtaani: Mnailisha saratani hiyo! Sukari ndiyo chakula chake. Mjomba tulimkatia sukari, nyama, maziwa, akabaki na juisi ya majani.

Chumvi Kidogo: Ikawaje?

Tabibu wa Mtaani: Alikonda, ila ule ni ugonjwa.

Nesi Mstaafu: Ni njaa, mkuu. Kila seli mwilini inatumia sukari. Ukimnyima mgonjwa, mwili unageukia misuli yake. Huwa tunalenga kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini gramu 1 hadi 1.5. Mwenye kilo 60 anataka protini gramu 60 mpaka 90. Majani yako yanatoa ngapi?

Tabibu wa Mtaani: Si lazima kunifokea.

Mpenda Mtindi: Hajafoka, kakupigia hesabu 😂 Jamani, sagia kila kitu: maharage, matunda na maganda yake, anywe.

Baba Pacha: Thubutu! Mke wangu mionzi ilikuwa ya nyonga. Hayo maharage na maganda yalimkesheza chooni. Tulipopunguza vyenye nyuzinyuzi ndipo akatulia. Uliza kwanza mionzi inapigwa wapi.

Mpenda Mtindi: Basi mtindi.

Nesi Mstaafu: Mtindi sawa, kama haumchomi vidonda. Na mwenye mrija aendelee kumeza maji kidogo kidogo akiruhusiwa, koo lisisahau kazi.

Kobe: Binti, mama je? Umetuacha njiani.

Binti Mkubwa: Mrija ulitolewa wiki tano baada ya mionzi kuisha. Cha kwanza aliomba yai. Akala nusu, akaniambia sijui kupika.