Stata ya 1HZ baada ya kubadili injini: nikarabati, ninunue used au nichukue mpya ya Kichina?

Moshono79
Wakuu habarini. Nina pikapu ya Land Cruiser 79, injini 1HZ ya dizeli. Ya zamani ilikatika krenki, tukanunua used iliyotoka Japani ikiwa na stata (mota ya kuizungusha injini iwake) na alternator (ya kuchaji betri) yake, gia boksi tumebaki na ileile. Sasa injini imeshakaa ila haiwaki. Nikizungusha ufunguo inapiga tak, inajivuta kivivu kidogo halafu inagoma, na cha ajabu taa za dashibodi hazififii sana. Fundi anasema stata imekufa, amenipa njia tatu: kufungua hii na kuweka kopa (vipande vya shaba vya kupitisha umeme) na kaboni (brashi) mpya, kutafuta used ya Dubai, au kuchukua mpya ya Kichina yenye garantii. Mimi naelekea hiyo ya Kichina maana gari ni ya kazi, inabeba wageni wa Tarangire na kila siku ikilala ni hela inapotea. Mwenye uzoefu anilinganishie kabla sijalipa.

FundiUmemeUnga
Pole mkuu. Usinunue chochote leo. Injini ikishatolewa na kurudishwa, kitu cha kwanza kushuku ni ethi, maana ule waya wa kutoka injini kwenda chesisi unasahaulika sana au unafungwa juu ya rangi. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapitia hata kebo ya mafuta na utaikuta ya moto. Chukua mita, kaa nayo karibu na betri, mwenzio azungushe ufunguo wewe usome: (1) betri yenyewe imeshuka hadi ngapi, (2) nguzo chanya hadi ile nati kubwa ya stata, isizidi 0.5V, (3) nguzo hasi hadi bodi ya stata, isizidi kama 0.3V, (4) ule waya mdogo wa solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye stata) unapata ngapi. Leta namba hapa ndio tuongee mambo ya kununua.

JamaaWaKirinyagaRd
Mimi ningekuambia usipoteze pesa kwa mpya ya bei rahisi. Hapa Nairobi naona zikirudishwa dukani kila mara, brashi zinaisha haraka na pinioni (gia ndogo ya stata) inakula meno ya fulaiwili (gurudumu la meno nyuma ya injini), na fulaiwili ikishaliwa utatoa gia boksi tena buda. Stata ya Denso kuukuu ukiiwekea kontakti (hizo kopa) na brashi inadunda miaka. Zile kopa mbili ndani ya solenoidi huliwa upande mmoja, ndio maana unasikia tak na hakuna kitu kinafuata. Ni spea ndogo sana na ukiwa na spana unabadilisha asubuhi moja.

mama_landi
Kabla ya yote geuza injini kwa mkono jamani. Weka soketi kwenye boliti ya puli ya krenki, bar ndefu, uzungushe raundi mbili kamili. Injini used inaweza kuwa imeingia maji kwenye silinda au imekamata, mkabaki mnasingizia stata. Ukitoa plagi za joto inazunguka laini zaidi na kama kuna maji au dizeli utaona yanaruka.

Moshono79
Nashukuru sana, tumefanya yote. Injini inazunguka kwa mkono vizuri tu, plagi zimetoka kavu. Namba: betri imelala 12.6, wakati wa kupiga stata 11.5. Chanya hadi stata 0.2. Hasi hadi bodi 0.1. Waya mdogo unapata 11.1. Ethi tumeongeza nyingine mpya kutoka bloku kwenda chesisi, hakuna kilichobadilika.

FundiUmemeUnga
Hapo pazuri. Nyaya ni nzima, betri nzima. Sasa angalia hiyo 11.5. Stata ya dizeli ya lita 4.2 ikifanya kazi kweli lazima iivute betri, utaona 10 na kitu. Ikishuka chini ya 9.6 ni betri mbovu au kitu kimekamata. Ya kwako haishuki, maana yake stata hailambi umeme wa kutosha, basi ama kopa zimeliwa, ama kaboni zimeisha, ama

SharjahSpea
Samahani nakukatiza ndugu yangu. Wewe mwenye gari, futa mafuta kwenye mgongo wa stata usome lebo. Injini imetoka Japani, si huku Ghuba ya Uarabuni. Land Cruiser 70 nyingi za soko la Japani zenye 1HZ zilikuwa za 24V, za kwetu huku na za kwenu huko ni 12V. Huku Sharjah tunazitenganisha mashelfu mbalimbali kwa sababu kwa macho huzitambui, umbo lilelile. Mota ya 24V ukiipa 12 unapata kama robo ya nguvu yake, itapiga tak, itajivuta, itachoka. Haijafa, ni nzima kabisa.

Moshono79
Nimepiga picha kwa simu nikiwa chini ya gari na kitambaa cha petroli. Denso, namba ya spea, halafu imeandikwa wazi 24V.

JamaaWaKirinyagaRd
Aisee. Basi kuikarabati hiyo imetoka kwa list, ungeweka kontakti mpya na bado ingelala vilevile.

kelvoo_dizeli
Si uongeze betri ya pili uunge siriizi (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine) iwe 24? Injini nyingi za magari makubwa ziko hivyo.

FundiUmemeUnga
Hapana kelvoo. Taa, wipa, redio ya mawasiliano, kila kitu kwenye hiyo pikapu ni 12V. Moshono, ile stata ya injini ya zamani ipo? Ndiyo chaguo namba moja, bora kuliko zote tatu alizokupa fundi. Hesabu meno ya pinioni, linganisha urefu wa pua ya stata na matundu ya boliti, vikifanana ifungue, iwekee kopa na kaboni, ifunge. Ikiwa haipo, used ya Ghuba yenye lebo ya 12V na uijaribu mezani kabla ya kulipa. Ya Kichina iwe ya mwisho.

Moshono79
Ipo stoo! Meno sawa, pua sawa. Kopa moja ilikuwa imebaki nyembamba kama karatasi. Tumebadilisha zote mbili na kaboni, sasa injini inazunguka kwa kasi hadi raha, betri inashuka 10.3. Ila bado haijawaka, dizeli haifiki kwenye nozeli.

SharjahSpea
Solenoidi ya kukatia dizeli pale kwenye pampu, nayo ni 24V, kwa 12 haifunguki. Hamisha ya pampu ya zamani. Plagi za joto soma zimeandikwa volti ngapi. Na tafadhali, alternator iliyokuja na hiyo injini usiiache, weka ya zamani kabla hujawasha, vinginevyo itapika betri na kuunguza taa zako zote. Ikishawaka weka mita kwenye betri, utake kuona 13.8 hadi 14.5. Ikizidi 15, zima hapohapo.