Vikeki vya mayai vya dukani: tunatafuta kifungua kinywa cha wanga kidogo, tunauziwa wanga wa muhogo

Wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Vikeki vya mayai vinavyouzwa vikiwa tayari, vile vidogo vya mviringo vinavyokaa viwili viwili kwenye pakiti na kupashwa moto kwa muda mfupi asubuhi, vinanadiwa kwa watu wanaopunguza wanga kana kwamba ni mayai na jibini tu, ilhali vingi kati ya hivyo vimetiwa wanga wa muhogo, wanga wa mahindi au unga wa mchele. Mbele ya pakiti kuna picha ya yai lililopasuliwa na neno "protini" lililoandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka ukiwa umesimama mbali na jokofu. Orodha ya viambato iko nyuma, kwenye mkunjo wa plastiki, kwa maandishi madogo ambayo mtu wa makamo hawezi kuyasoma bila miwani. Huku ni kuuziana mbuzi kwenye gunia, na wanaouziwa ni watu wenye sababu nzito ya kutaka kujua kilichomo ndani.

Tuanze na yai lenyewe. Yai moja kubwa la kuku, likishatolewa ganda, lina uzito wa takriban gramu 50, na ndani yake mna protini gramu 6 hivi, mafuta gramu 5 na wanga usiofika gramu 1. Hii ndiyo sababu mtu anayepunguza wanga hukimbilia mayai kabla ya chakula kingine chochote: ni chakula ambacho hakihitaji hesabu. Sasa ichukueni pakiti ya vikeki 2 na kuigeuza. Zipo zinazoonyesha gramu 9 za wanga, na zile zilizotengenezwa kwa ute peke yake, ambazo ndizo zinazosifiwa kuwa nyepesi na za kiafya zaidi, hufika gramu 11 na hata 13. Slesi moja ya mkate mweupe ina wanga wa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mtu ameuacha mkate mezani kwa makusudi, amelipia mayai kwa bei ya juu kuliko mayai, kisha amekula mkate uleule akiwa hajui.

Kwa anayefuata mlo mkali wa gramu 20 hadi 50 za wanga kwa siku, gramu 9 kabla ya saa mbili asubuhi zinaweza kuwa karibu nusu ya posho yake. Kwa mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini na kukadiria dozi kwa kuhesabu gramu za wanga kwenye sahani, jambo hili si la kupungua uzito tena. Anayeamini kwamba anakula mayai matupu ataiona sukari yake ikipanda bila kuelewa imetoka wapi, na pengine atailaumu dawa, au atajilaumu mwenyewe, wakati kosa limo kwenye pakiti. Hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha.

Kwa nini wanga huo umo? Hauwekwi kwa ajili ya ladha, wala hauwekwi kwa ajili ya afya ya mlaji. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi za Selsiasi, kiini hufuata kati ya 65 na 70, na protini zinapoganda hushikamana na kufanya wavu unaoyazuia maji ndani yake. Moto ukizidi, wavu hukaza na kuyakamua maji hayo. Ndiyo yale maji yanayotuama kwenye sahani chini ya mayai ya kuvuruga yaliyokaa motoni kupita kiasi. Friza huharibu zaidi, kwa sababu chembe za barafu huuchana wavu huo, na kikeki kinapoyeyuka maji huvuja. Mtengenezaji anajua kwamba kikeki chake kitapikwa, kitagandishwa au kupozwa, kitasafirishwa, kitakaa dukani, kisha kitatiwa kwenye maikrowevu na mtu mwenye haraka ambaye hatapunguza nguvu ya moto. Wanga hunywa maji hayo na kuyashika palepale, kikeki kikatoka kikiwa nadhifu. Kuna faida nyingine kwake ambayo hasemi: mchanganyiko wenye wanga hubeba maji na maziwa mengi zaidi kwa kila yai, na maji ni bei rahisi kuliko yai. Kwa maneno mengine, tatizo la ghala, la lori na la jokofu la duka limetatuliwa ndani ya kifungua kinywa changu, kwa kiambato kilekile ninachokikwepa, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake akipasue kikeki kwa kisu kikiwa kimepoa. Cha mayai na jibini peke yake huonyesha vitundu vidogo, na kingo zake humeguka kirahisi. Kilichotiwa wanga hukatika kwa uso laini unaong'aa, huacha utando wa kunata kwenye ubapa wa kisu, na ukikibonyeza kwa kidole hurudi kama mpira.

Vile vya ute peke yake vinaniudhi zaidi. Kiini kimetolewa ili mafuta yapungue na mbele pasomeke kwamba kalori ni chache, lakini kiini ndicho kinacholipa yai ulaini na uzito wake, kwa hiyo pengo linalobaki linazibwa kwa wanga. Anayepunguza wanga hakuomba mafuta yapunguzwe. Mafuta ndiyo yanayomshibisha hadi mchana. Tena kiini si mafuta tu, kwa kuwa hubeba zaidi ya thuluthi moja ya protini ya yai zima, pamoja na vitamini A, vitamini D na kirutubisho kiitwacho kolini, vyote au karibu vyote. Kinachoondolewa ndicho kilichokuwa na manufaa kwetu, na kinachorudishwa ndicho tunachokikimbia.

Sina ugomvi na kila jina geni kwenye orodha, na ningependa tusichanganye mambo. Asidi ya sitriki huwekwa ili mayai yaliyopasuliwa viwandani yasibadilike rangi, na gundi ya zanthani, ya kuufanya mchanganyiko uwe mzito, hutumika kwa kiasi kidogo mno ambacho hakigusi hesabu ya mtu. Vilevile zipo pakiti safi, zenye mayai, jibini, krimu, nyama na chumvi, na wanga wa gramu 1 hadi 3 kwa pakiti nzima. Kuwapo kwa hizo kunanikasirisha zaidi, kwa sababu ni ushahidi kwamba kazi hii inawezekana bila muhogo.

Watetezi wa viwanda husema kwamba taarifa zote zimeandikwa, na asiyesoma ajilaumu. Si kweli kwamba ni suala la kusoma tu. Nchini Marekani mamlaka ya chakula na dawa (FDA) haijaweka maana rasmi ya maneno "wanga kidogo" kwenye chakula, na katika Umoja wa Ulaya dai hilo halimo kabisa kwenye orodha ya madai ya lishe yanayoruhusiwa. Mtengenezaji mjanja haandiki neno hilo. Anaandika "protini nyingi", dai ambalo katika Umoja wa Ulaya linaruhusiwa iwapo angalau asilimia 20 ya nishati ya chakula inatokana na protini, kiwango ambacho yai hukivuka bila kusaidiwa na mtu. Dai ni la kweli, halimgharimu chochote, na linampeleka mnunuzi moja kwa moja kwenye dhana ambayo mtengenezaji mwenyewe hakuitamka. Ongezeni hapo mtindo wa kutoa hesabu kwa kikeki 1 wakati pakiti ina vikeki 2 ambavyo kila mtu huvila pamoja, na mtaona kwamba msomaji makini naye ametegewa.

Hata hivyo, wakati tukisubiri wenye viwanda wabadilike, kuna jambo moja ambalo linasaidia kidogo. Kanuni za Marekani na za Umoja wa Ulaya zinataka viambato viorodheshwe kuanzia chenye uzito mkubwa hadi kidogo. Ukikuta wanga au unga wa aina yoyote umetajwa kabla ya chumvi na viungo, ujue haukunyunyizwa kwa bahati mbaya. Ulaya inadai pia, chini ya Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, asilimia ya kiambato kinachotajwa kwenye jina la bidhaa, kwa hiyo kikeki kinachojiita cha mayai lazima kiseme kina mayai kiasi gani. Natamani sharti hilo liwe kila mahali.

Sasa hoja ya haraka, ambayo ndiyo ngao yao kuu. Haraka gani? Cha dukani kinatolewa kwenye jokofu na kupashwa moto. Cha nyumbani kinatolewa kwenye jokofu na kupashwa moto. Asubuhi hakuna tofauti yoyote. Tofauti iko siku ya mapumziko, na ni kama dakika 45 ambazo nyingi ni za tanuri kufanya kazi peke yake. Mayai 6 makubwa, gramu 150 za jibini laini ya chengachenga, gramu 60 za jibini ngumu iliyokunwa na chumvi kidogo vinasagwa kwenye blenda hadi viwe laini, kisha mchanganyiko unaachwa utulie mpaka povu lishuke, kwa sababu povu likiingia kwenye tanuri vikeki vitaumuka kwa fahari na kunywea baada ya dakika chache. Mboga kama spinachi au uyoga lazima zikaangwe kwanza hadi maji yake yakauke. Mimina kwenye trei ya vikeki 12 iliyopakwa mafuta, iweke trei hiyo ndani ya sinia pana lenye maji ya moto, na uoke kwa nyuzijoto 150 kwa dakika 25 hadi 30, mpaka katikati patikisike kidogo tu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71 katikati. Maji hayo kwenye sinia yanafanya kazi ileile ambayo kiwanda kinaupa wanga: yanauzuia moto usizidi, wavu wa protini usikaze, na kikeki kinabaki laini kwa ustaarabu wa moto peke yake.

Hesabu yake iko wazi. Mayai 6 yana wanga wa gramu 3 hivi, jibini laini gramu 5, na jibini ngumu pamoja na mboga gramu 2. Jumla ni gramu 10 kwa vikeki 12, yaani kila kimoja hakifiki gramu 1. Ukila 3 umekula protini gramu 16 au 17 na wanga usiozidi gramu 3.

Wapishi wa nyumbani nao wakae macho na mapishi yanayosambazwa kwa jina la wanga kidogo huku yakidai vijiko viwili vya unga "ili vishikane", kwani yai hujishika lenyewe tangu kuumbwa kwake. Jibini iliyokunwa tayari na kufungwa kwenye mfuko mara nyingi hupakwa wanga wa viazi ili isigandamane, kwa hiyo ni heri kukuna mwenyewe. Maziwa ya kawaida yana karibu gramu 5 za sukari katika kila mililita 100, na krimu ina pungufu ya hapo. Vikeki viingie kwenye jokofu ndani ya saa 2 baada ya kuiva, viliwe ndani ya siku 3 au 4, na vinavyobaki vigandishwe. Wakati wa kupasha, nusu ya nguvu ya maikrowevu inatosha. Nguvu kamili ndiyo inayovifanya vigumu pembeni na baridi katikati.

Nimesikia jibu la kwamba wenye muda wapike na wasio na muda wanyamaze, na jibu hilo silikubali hata kidogo. Kuna anayeishi kwenye chumba kisicho na tanuri, kuna anayetoka zamu ya usiku, kuna mzee ambaye mikono yake haina tena nguvu ya kupasua na kukuna. Hawa ndio wateja ambao bidhaa hii ilipaswa kuwahudumia kwa uaminifu, na ndio wanaodhulumika zaidi, kwa kuwa hawana pa kukimbilia.

Ninachodai si kikubwa. Gramu za wanga za pakiti nzima ziandikwe mbele, kando ya hizo gramu za protini wanazojivunia, na kwa herufi za ukubwa uleule. Asilimia ya mayai iandikwe. Na anayeona hawezi kutengeneza bila wanga aseme hivyo mbele ya pakiti, kisha aniachie mimi uamuzi wa kununua au kuacha.

Naomba kila mwenye pakiti nyumbani aigeuze leo na kuweka hapa picha ya orodha ya viambato pamoja na jedwali la lishe, bila maoni mengi, ili tujue zipi ni safi na zipi si safi. Tuanze na zile za ute peke yake.