Mjadala: Giaboksi ya mkono ya gari la zamani, ni GL-4 au GL-5?

Mtoa mada

Wakuu, naileta hoja hii ichambuliwe. Maduka mengi ya spea yanauza oili ya gia kwa jina moja tu, "namba tisini". Ukigeuza chupa, mara nyingi unakuta GL-5. Fundi anaimwaga hiyohiyo kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), kwenye giaboksi, popote penye meno. Msimamo wangu: kwa giaboksi ya mkono ya miaka ya 70 hadi 90 hilo ni kosa, na muuzaji anapaswa kuuliza oili inakwenda wapi kabla hajatoa chupa.

GL-4 na GL-5 si madaraja, kwamba tano imeizidi nne. Ni kazi mbili tofauti kwa mpangilio wa Taasisi ya Petroli ya Marekani (API). GL-5 ni ya difu ya haipoidi, ambayo pinioni yake (gia ndogo inayosukuma) imekaa nje ya mstari wa kati wa krauni (gia kubwa inayosukumwa), kwa hiyo meno yanasukumana huku yakiburuzana. Mburuzo ule unaikamua oili, ndiyo maana inatiwa dawa ya salfa na fosforasi inayojenga ngozi juu ya chuma. GL-4 ina takriban nusu ya dawa hiyo.

Sasa njoo ndani ya giaboksi. Ringi za sinkronaiza, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, ni za shaba, na kazi yake ni kusugua. Ringi inaikaba koni ya gia mpaka mwendo ulingane, ndipo slivu (kola inayoifunga gia) inapita na gia inaingia kimya. Oili ikiteleza kupita kiasi, ringi haikabi. Unasikia krrr. Tena wengi husema salfa ya GL-5 inaila shaba hiyo.

Spana_24

Mkuu, umeanza vizuri ukamalizia mbio. Fungua kitabu cha Corolla ya miaka ya 90 yenye giaboksi ya C50, utakuta 75W-90 (namba ya uzito, yaani oili inavyotiririka kwa wepesi au ugumu), "GL-4 au GL-5". H55F ya Land Cruiser nayo ni hivyohivyo. Walioiunda waliruhusu zote mbili.

Halafu kuna Subaru. Difu yake ya mbele imo kwenye ganda moja na giaboksi, na ni haipoidi, kwa hiyo kitabu kinataka GL-5 na sinkronaiza zinaogelea humohumo. Mtu akikusikiliza akatia GL-4 kwa huruma ya shaba, anaiua krauni.

Na hii habari ya salfa kula shaba, ipunguzeni chumvi. Kuna kipimo chake: ukanda wa shaba uliong'arishwa unazamishwa kwenye oili ya nyuzijoto 121 kwa saa 3, kisha rangi yake inapewa alama, 1 ikiwa haijaguswa sana na 4 ikiwa imeliwa. GL-5 nyingi za sasa salfa yake imetulizwa na zinatoka na alama nzuri tu.

Mtoa mada

Kipimo hicho nakifahamu, na ndicho kinachoniunga mkono. GL-5 inaruhusiwa kufika alama ya 3. MT-1, ambayo ni ya giaboksi za malori zisizo na sinkronaiza, inaishia 2a. Kwa hiyo "GL-5 nyingi ni nzuri" ni sifa ya chupa fulani, maana neno GL-5 lenyewe halikuahidi hivyo. Subaru nakupa, hapo sina ubishi. Lakini Nissan Sunny? Kitabu kinasema GL-4, hakuna "au".

Spana_24

Basi na wewe kubali hili: mitambo mingine ya kuithibitishia GL-4 haipo tena, API wenyewe wameandika. Leo ukisoma GL-4 kwenye chupa, unasoma neno la mtengenezaji. Kopo la bei ya kutupa lililoandikwa GL-4 linaweza kuwa na chochote.

Dereva wa 504

Mnagombania nne na tano, na kuna magari yasiyotaka hata moja. Peugeot 504 yenye giaboksi ya BA7 inatumia oili ya injini. Ukiitia tisini ya difu, gia ya pili asubuhi utaiomba kwa magoti. Land Rover yenye LT77 inataka ATF, ile nyekundu ya otomatiki. Camry za zamani zenye giaboksi za S nazo ni ATF. Honda nyingi za zamani ni 10W-30 au 10W-40 ya injini. Mini ya kwanza ndiyo kabisa, gia zilikaa ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), zikila oili moja na injini.

Watu wanashtuka wakisikia oili ya injini kwenye giaboksi kwa sababu wanaona 50 iko mbali na 90. Hizo ni rula mbili tofauti. Ikipimwa kwa nyuzi 100, tisini ya gia ina uzito wa sentistoki 13.5 hadi chini ya 18.5, na hamsini ya injini ni 16.3 hadi chini ya 21.9. Ni majirani hao.

Dada Klachi

Afadhali umegusa uzito. Kwangu mimi adui mkubwa ni namba 140. Fundi anasikia beringi ya shafti inalia, anaweka 140, mlio unapungua, mteja anafurahi. Beringi haijapona, imefunikwa blanketi. Oili ile kwa baridi ya Njombe au Limuru haifiki upesi kwenye beringi za sindano zilizo chini ya gia, na ringi ya sinkronaiza inashindwa kuikata ili iguse koni. Gia ikigoma asubuhi na kulegea baada ya kilomita chache, anza kushuku uzito. Ikikwaruza hata oili ikiwa moto, shuku utelezi wa oili au ringi zilizokwisha.

Na kabla ya kulaumu oili, pima klachi. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, tia rivasi. Giaboksi nyingi za zamani rivasi yake haina sinkronaiza. Ikikwaruza baada ya kusubiri hivyo, klachi haiachii yote. Angalia kebo au silinda yake. Hakuna oili itakayotibu hilo.

Mgeni wa gereji

Shikamooni. Naomba hatua za kubadilisha, kwa mfano kwenye hiyo C50.

Spana_24

Marahaba. Tembeza gari dakika kumi na tano oili ipate moto, liegeshe mahali tambarare, ukilinyanyua linyanyue pande zote sawa. Fungua plagi ya KUJAZIA kwanza. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, gari limelala hapo.

Mwaga, acha ichuruzike. Plagi ikiwa na sumaku, utaona tope la kijivu laini kama grisi: hilo ni kawaida. Vipande unavyovishika kwa vidole ni jino au beringi.

Dada Klachi

Ongeza hapo: shaba haishikwi na sumaku. Chota oili iliyotoka, iweke kwenye sahani, ipeleke juani. Ukiona chenga za dhahabu zinaelea, ni ringi za sinkronaiza zinakwenda.

Spana_24

Naam. Weka washa mpya, kaza kwa Nm 39, si kwa kurukia spana. Ganda ni aluminiamu. Inaingia lita 1.9, kwa hiyo nunua makopo mawili ya lita moja. Jaza kwa pampu ya mkono au mpira na faneli mpaka oili iguse mdomo wa tundu, au ipungue isizidi milimita 5. Ukiizidisha, itatafuta sili za kupitia.

Mgeni wa gereji

Na duka likiwa na GL-5 ya 140 tu?

Mtoa mada

Usiinunue. Kwa Sunny au Corolla isiyobeba mizigo, 20W-50 ya injini itakusogeza mpaka upate GL-4. Gia zake za kawaida si haipoidi.

Spana_24

Hapo tunaachana. Pikapu inayobeba mzigo milimani siitii oili ya injini kama kitabu chake hakikusema, maana dawa ya kuzuia meno kusagana humo ni kidogo. Nitaagiza 75W-90 hata ikiwa GL-5, nivumilie gia ya pili kukwaruza kidogo.

Mtoa mada

Na zile chupa zilizoandikwa "GL-4/GL-5" kwa pamoja?

Dereva wa 504

Ikifikia GL-5, kipimo cha dawa ni cha GL-5, hata wakitanguliza nne. Uliza karatasi ya maelezo ya oili hiyo, tafuta mstari wa ukanda wa shaba. Kama ni 1, mimi naitia kwenye Corolla. Kwenye Sunny, hapana.