Baiskeli za umeme za kushirikiana: je, zinaufaa mji wa vilima kama Mwanza?

Mkazi wa Mabatini:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maendeleo ya mtaa wetu hapa Mwanza. Katika kikao kilichopita kijana mmoja alipendekeza tuandae andiko la kuomba msaada wa kuanzisha baiskeli za umeme za kushirikiana, yaani zile ambazo mtu huichukua katika kituo kimoja, huiendesha mpaka anakokwenda, kisha huiacha katika kituo kingine ili mwenzake aitumie. Wazee walicheka, wakasema baiskeli ni ya tambarare za Shinyanga na Tabora, si ya mji huu wa mawe. Mimi sikucheka, kwa sababu kila alfajiri ninawaona akina mama wakiteremka kwa miguu kutoka milimani kwenda sokoni, na jioni ninawaona wakipanda tena, kwa kuwa daladala haifiki kule juu na nauli ya bodaboda ya kila siku inakula faida yote ya biashara ndogo.

Ninaomba waliokwisha kuzitumia waniambie mambo mawili. Jamii inapata nini kutokana na baiskeli za kushirikiana ambacho haiwezi kukipata kwa kila mtu kununua ya kwake? Na ni nini kinachofanya mpango wa namna hii udumu au ufe?

Msafiri wa Vallecas:

Ndugu Mkazi wa Mabatini, ninaishi Madrid, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 650 hivi kutoka usawa wa bahari, na wenye milima ndani yake. Anayetoka kwenye mto Manzanares kwenda katikati ya mji hukutana na mteremko wa Cuesta de San Vicente, ambao kwa baiskeli ya kawaida ungenifikisha kazini nimelowa jasho. Ndiyo maana mpango wa baiskeli wa mji huu, uitwao BiciMAD, ulianza Juni 2014 ukiwa na baiskeli za umeme peke yake. Mota husaidia pale tu unaponyonga pedali, na kwa sheria za Ulaya msaada huo hukatika ukifika kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo baiskeli haigeuki kuwa pikipiki. Mzee wa miaka sitini hupanda kilima kwa mwendo uleule wa kijana, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Swali lako la kwanza nitalijibu kwa hali yangu mwenyewe. Nimepanga ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Baiskeli ya umeme ina uzito wa kilo ishirini na zaidi, na sina mahali pa kuiweka wala fedha za kuinunua, na kama ningeiacha nje ingeibwa. Ile ya kushirikiana huchajiwa ikiwa kituoni, hutengenezwa na mwenye mpango, na mimi hulipa kidogo kwa safari niliyosafiri. Ninapokwenda kazini kabla ya mapambazuko, wakati treni za chini ya ardhi bado hazijaanza, baiskeli ndiyo usafiri wangu.

Kuhusu kudumu, BiciMAD ilianza na baiskeli 1,560 na vituo 123, ikiendeshwa na kampuni binafsi. Uharibifu na hasara viliielemea, na mwaka 2016 shirika la mabasi la manispaa likaichukua. Hata hivyo, kwa miaka mingi vituo vilikuwa hasa katikati ya mji, kwenye ofisi na watalii, wakati sisi wa pembezoni tulizikuta baiskeli hizo tukiwa tumekwisha kuwasili kwa basi. Ni upanuzi wa mwaka 2023 uliovifikisha vituo katika wilaya zote 21. Kwa hiyo, ndugu yangu, msikubali kuambiwa kwamba mtaanza na mjini halafu milimani mtafika baadaye. Wekeni kituo cha kwanza pale juu ambako daladala inaishia njiani.

Jambo moja niliseme wazi: kikapu cha baiskeli hizi hubeba mfuko wa mahitaji ya nyumbani, hakibebi gunia la nyanya. Ikiwa lengo ni akina mama wenye mizigo, aina hii peke yake haitawatosha.

Mama Keza, Kigali:

Kigali nayo ni vilima vitupu, na mpango wa baiskeli za umma ulizinduliwa hapa mwaka 2021. Ninataka kuongeza moja tu. Tangu mwaka 2016 tuna Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungwa kwa magari asubuhi ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli, na ni katika asubuhi hizo ndipo mimi nilipojifunza kuendesha, nikiwa na miaka 34 na watoto wawili wakinisukuma kwa nyuma. Mwanamke ambaye hakuwahi kupewa baiskeli utotoni hawezi kuifurahia ya umeme katikati ya malori. Tafuteni kwanza mahali na siku ya kujifunzia, dada zangu wa Mwanza watakuja wenyewe.

Fundi wa Ilala:

Ninatengeneza baiskeli kwa miaka mingi, na hizi za umeme kwa miaka mitatu sasa. Betri ya baiskeli ya kawaida ya umeme hujaa kwa takriban nusu uniti ya LUKU, kwa hiyo gharama ya umeme isiwatishe. Inayoua mipango hii ni gharama ya matunzo: pancha, spoku, breki zinazoisha upesi kwenye miteremko, na betri ambayo baada ya miaka kadhaa lazima ibadilishwe. Niliwahi kuitwa kwenye mradi mmoja wa wafadhili uliokuwa na baiskeli nzuri sana bila shilingi moja ya vipuri, na nilipofika nyingi zilikuwa zimelala kwa sababu ya mpira wa ndani tu. Umeme wa vituo nao upangwe mapema. Paris walipobadilisha mfumo wao wa baiskeli za kushirikiana, uitwao Vélib', mwaka 2018, vituo vingi vilichelewa kuunganishwa na umeme, na huduma ikayumba kwa miezi.

Kuna jambo jingine la vilima: watu hupenda kuteremka na baiskeli kuliko kuipandisha, kwa hiyo vituo vya chini hujaa na vya juu hukauka. Enzi za Vélib' ya zamani, aliyerudisha baiskeli kwenye kituo cha kileleni alizawadiwa dakika 15 za ziada. Mota hupunguza tatizo hilo, hailiondoi, hivyo mtahitaji gari la kuzihamisha au zawadi kama hiyo.

Kuhusu gunia la nyanya, zipo baiskeli za umeme za mizigo, zenye fremu ndefu na karia imara. Chache za aina hiyo, zinazowekwa sokoni na kukodishwa kwa saa, zingewafaa akina mama kuliko kumi za kawaida.

Mkazi wa Mabatini:

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Jumamosi nitapeleka kikaoni mapendekezo matatu: kituo cha kwanza kiwe juu, baiskeli chache za mizigo ziwe sokoni, na fungu la fundi na vipuri liandikwe kwenye bajeti kabla ya idadi ya baiskeli. Hilo la kujifunzia nitamwomba mwalimu wa shule ya msingi atuazime uwanja siku za Jumapili. Fundi, nitakuandikia faraghani unisaidie kukadiria vipuri vya baiskeli ishirini kwa mwaka mmoja, na tafadhali hesabu breki kwa miteremko ya huku, si kwa barabara za Ilala.